Madoa ya Makwapani: Asili Yake na Namna ya Kuyaondoa

Mjini Mpanda na katika sehemu nyingine za Mkoa wa Katavi, miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, huwa na joto kali. Shati jeupe la mwanafunzi hulowa jasho mapema, na hatimaye makwapa yake hupata umanjano usiotoka kwa sabuni. Wengi hulisugua mpaka likachakaa kabla ya mwaka kwisha. Upungufu hapo si wa nguvu za mikono, bali ni wa kuelewa asili ya doa.

Doa hutokana na nini?

Jasho la kawaida ni maji na chumvi kidogo, wala halina rangi. Lakini kwapani mna tezi nyingine zianzazo kufanya kazi wakati wa balehe, nazo hutoa majimaji yenye protini na mafuta. Mafuta yakikaa nguoni huungana na oksijeni ya hewa yakageuka manjano. Aidha, dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu, ambazo huchanganyika na jasho na kufanya utando mgumu.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kuanza na maji ya moto. Protini huganda kwa joto, kama ute wa yai utiwapo katika maji yachemkayo. Pasi nayo hulikaza doa vivyo hivyo. Kosa la pili ni kutumia dawa ya klorini, maarufu kwa jina la jiki, ambayo mara nyingi huzidisha umanjano inapokutana na protini za jasho.

Njia ifaayo

Nguo ilowekwe kwanza katika maji baridi. Kisha doa litiwe siki au maji ya limau kwa nusu saa, kwani asidi huyeyusha utando wa aluminiamu. Nguo isuuzwe vizuri kabla ya kutiwa sabuni, kwa sababu asidi huivunja sabuni na kuipotezea nguvu. Sabuni ndiyo iondoayo mafuta. Umanjano ukibaki katika pamba nyeupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 huuondoa. Nguo za rangi zijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana.

Hadhari: jiki isichanganywe kamwe na siki wala limau. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, yenye sumu iunguzayo mapafu.

Jaribio la darasani

Vipande viwili vya kitambaa cheupe vipakwe ute wa yai na kukaushwa. Kimoja kitiwe katika maji baridi, cha pili katika maji yachemkayo. Baada ya dakika 10 vyote vifuliwe kwa sabuni. Wanafunzi waeleze ni kipi kilichotakata, na kwa nini.