Matunzo ya Vyombo vya Moto, Sehemu ya Nne: Injini Ndogo na Ndovu wa Karema

Tangu ilipotangazwa azma ya kuifikisha reli ya kisasa kutoka Kaliua mpaka Mpanda, na kuiendeleza hadi bandari ya Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, habari hiyo haijakauka magazetini wala vijiweni, na kila inapotajwa hutajwa kwa furaha iliyo haki, kwa kuwa watu wa Katavi wameijua tabu ya safari kuliko watu wa mikoa mingi ya Tanzania. Nami naifurahia pamoja nao. Lakini katika yote niliyoyasoma nimeona hesabu za kujenga na hesabu za kununua, na ni mara chache mno nimeona hesabu ya kutunza. Na kwa kuwa mfululizo huu umekuwa ukidai tangu sehemu yake ya kwanza kwamba mwenye kumiliki asiyetunza amemiliki nusu tu, imenibidi niiahirishe mada ya breki niliyoahidi, niirudie injini ndogo: ile ya pikipiki ya bei nafuu iliyotapakaa kuanzia Mpanda mjini hadi Inyonga, Mishamo na Ikola, pamoja na ndugu yake mdogo, injini ya vile vigari vya magurudumu manne ambavyo wazazi wenye uwezo kidogo wamezoea kuwanunulia watoto wao.

Karema yenyewe ina mfano wa kumiliki bila kutunza, nao ni wa zamani kuliko injini yoyote iliyopata kunguruma katika nchi hii. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda mjini Brussels, mwaka 1876, Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na kwa jina la jumuiya hiyo Kapteni Cambier alifika Karema mwaka 1879 akaanza kujenga kituo, miaka kadhaa kabla Mjerumani hajaitwaa bara. Dhiki kubwa ya jumuiya hiyo ilikuwa uchukuzi. Kila bunda la nguo, kila kasha la baruti na kila kopo la chakula lilipanda kutoka pwani kichwani mwa mpagazi, safari ya miezi, kwa maana ng'ombe na punda waliopitishwa njia ile waliangamizwa na mbung'o. Basi mfalme akagharimia ndovu wanne wa Bara Hindi, waliokwisha kufunzwa kazi, wakapakiwa melini Bombay na kuteremshwa karibu na Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1879, wakiongozwa na Mwairishi aliyeitwa Carter, ili wajaribiwe kama wataweza kuchukua nafasi ya wapagazi.

Nimeisoma na kuisoma tena habari ya safari ile, na kila nikiisoma nahuzunika kwa sababu ile ile. Mbung'o, ambaye ndiye aliyeogopwa, hakuwashinda. Kilichowashinda ni mizigo iliyopita kiasi, pamoja na chakula: wanyama waliozoea kupewa posho ya nafaka kwa kipimo na kwa wakati waliachwa wajitafutie majani ya njiani baada ya kutwa nzima ya kazi. Wengi wao wakafa kabla ya kuliona ziwa. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880, pamoja na mwenzake Cadenhead, huko Mpimbwe, ambako leo ni ndani ya mkoa wetu, katika vita vya majeshi ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Na jaribio lile likazikwa pamoja naye. Fedha ya kununulia ilikuwako, tena fedha ya mfalme, na elimu ya kuwatunza ndovu ilikuwako pia, kwa kuwa waangalizi wao wa Kihindi walikuja pamoja nao. Kilichokosekana ni mkubwa wa msafara kukubali kwamba mahitaji ya kiumbe kinachobeba mzigo ni sehemu ya mzigo wenyewe.

 

Sasa nije kwenye injini. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu, fundi mmoja aitwaye Soichiro Honda, mwana wa mhunzi, alizipata injini ndogo zilizokuwa zikiendeshea mitambo ya umeme ya redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli, akaziuza kwa watu waliokuwa hawana namna nyingine ya kwenda sokoni. Miaka mitatu baadaye alijiunga naye Takeo Fujisawa, mtu wa biashara asiyekuwa fundi, na huyu ndiye aliyemsihi Honda atengeneze chombo ambacho hata kijana anayepeleka tambi majumbani angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, sinia likiwa mkono wa pili. Jawabu la Honda lilitoka mwaka 1958, likaitwa Super Cub: injini ya cc 49, mipigo minne, silinda imelala karibu sawa na ardhi, klachi isiyohitaji mkono, na mnyororo uliofunikwa usiguswe na matope. Kufikia mwaka 2017 familia ya pikipiki hiyo ilikuwa imetimiza milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kuifikia. Msomaji akiinama chini ya kigari cha mtoto cha magurudumu manne, kile cha bei nafuu kitokacho China, aghalabu ataikuta silinda ile ile iliyolala, kwa kuwa watengenezaji wa China waliuiga mpango huo na hawajauacha mpaka leo.

Pikipiki ya bodaboda ni ya ukoo mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Honda walipoona kwamba katika nchi za joto na vumbi wateja wao walibebesha kupita kiasi, walichelewesha kumwaga oili na hawakugusa vali mpaka ziseme zenyewe, waliamua kuibuni mashine kwa ajili ya mtu huyo asiyetunza, na mwaka 1976 wakatoa CG125, ambayo vali zake huendeshwa kwa fito badala ya mnyororo wa ndani, ili iweze kustahimili dharau. Ndiyo injini iliyoigwa na viwanda vingi vya China, ikaongezwa kuwa cc 150, na ikaingia Tanzania kwa wingi, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni. Nastaajabia hekima ya wahandisi wale, na hapo hapo nasikitika, kwa kuwa ustahimilivu wa mashine umetufanya tudhani kwamba haina haja ya kutunzwa. Injini ya gari iliyonyimwa oili hulalamika mapema. Injini hii hunyamaza mwaka mzima, kisha hunoki siku moja katikati ya pori la Mlele, na mwenye nayo huapa kwamba alipewa mali mbovu.

Wala kosa si la kijana aliyeketi juu yake peke yake. Bodaboda wengi hapa hawaendeshi vya kwao. Kijana hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na katika mpango huo pikipiki huwa yatima, kwa sababu mwenye mali haiendeshi wala mwendeshaji si mwenye mali, na kila mmoja anaiona oili kuwa deni la mwenzake. Walio kwenye mkataba, ambao baada ya mwaka au zaidi chombo huwa chao, wana sababu ya kukitunza, lakini hesabu ya siku ikiwa kubwa hujikuta wakikimbizana na tarehe, na siku mkataba unapoisha injini nayo imekwisha. Nawaomba matajiri wa Mpanda, kwa taadhima yote, waandike katika mikataba yao ni nani anunuaye oili na kila baada ya kilomita ngapi. Huo ni mstari mmoja wa maandishi. Na vyuo vya ufundi, VETA wakiwemo, vingefanya ihsani kubwa kama vingewafundisha vijana matunzo kwa muda wa wiki moja kabla ya kuwafundisha kupasua injini.

Nafasi niliyobakiwa nayo ni ndogo, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo, kwa nchi ya vumbi kama yetu, hayawezi kungoja sehemu ijayo. La kwanza ni chujio la hewa. Kuanzia Mei hadi Oktoba, mto Katuma unapokauka na kubaki madimbwi, njia za Karema na Mwese huwa unga mtupu, na unga huo ukipenya hadi kwenye silinda husaga ringi na pistoni kama msasa. Sifongo la chujio lioshwe kwa mafuta ya taa au kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, lipakwe oili kidogo, likamuliwe tena, na kwa mtu wa njia za vumbi kazi hiyo ni ya kila wiki. Asilitoe akaendesha bila chujio ati apate nguvu. Anayenunua petroli ya chupa kandoni mwa njia naye aipitishe kwenye kitambaa safi kabla haijaingia tangini.

Oili ya injini hii ni takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, ndiyo maana huchoka upesi na ndiyo maana oili iliyokusudiwa gari haifai, kwa kuwa baadhi yake huifanya klachi iteleze. Chombo kipya kimwagwe oili baada ya kilomita 500 za mwanzo, kwa sababu vyuma vipya huacha unga wake humo. Baadaye kila kilomita 1,000 zatosha kwa mtu wa mizigo. Injini hizi aghalabu hazina chujio la karatasi bali wavu mdogo wa chuma chini ya bolti, na wavu huo uoshwe kila oili inapomwagwa. Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 ikisukumwa kwa kidole katikati, isibanwe ikakaza, kwa maana cheni iliyokazwa hula beringi na sproketi. Nafasi ya vali ni kama milimita 0.08, ipimwe injini ikiwa baridi, na fundi asiye na kipimo cha sahani nyembamba asiruhusiwe kuikisia kwa sikio.

Kigari cha mtoto kinahitaji hayo yote kwa kiasi kidogo, ila kina ugonjwa wake wa peke yake, ambao ni kukaa. Kinanunuliwa sikukuu, kinachezewa majuma mawili, kisha kinafunikwa turubai mpaka sikukuu nyingine, na petroli iliyobaki ndani ya kabureta hugeuka utomvu unaoziba jeti, hata kikitakiwa kuwaka hakiwaki na mtoto huambiwa kimekufa. Kabla ya kukihifadhi, bomba la petroli lifungwe injini ingali inaunguruma, iachwe izime yenyewe kwa kukosa mafuta, waya wa betri utolewe, na magurudumu yanyanyuliwe juu ya matofali. Bolti zake zote, hasa za usukani na za magurudumu, zikazwe siku ile ile kinapofika nyumbani, kwa kuwa vingi hufungwa kwa haraka mahali vinapouzwa, na mtoto asikipande bila kofia ngumu iliyo saizi yake, wala mzazi asikubali kumpakia mdogo wake nyuma. Breki, ambazo katika vigari hivi hulegea kabla ya kitu kingine chochote, ndizo mada ya sehemu ya tano.