Kimo cha Maji ya Ziwa Tanganyika

Watu wa Uvira wana ziwa mbele na milima nyuma. Kati ya hivyo viwili nchi tambarare ni nyembamba, basi nyumba nyingi zimejengwa karibu na maji. Kwao si jambo dogo kujua maji yatafika wapi.

Katika bandari za ziwa, kama Kalemie, Kigoma na Bujumbura, kimo cha maji hupimwa. Kipimo ni ubao uliosimamishwa majini, wenye alama za sentimita. Mpimaji husoma alama, kisha huandika tarehe na kimo katika daftari. Tuseme daftari moja lasema hivi: mwezi wa kwanza 140, wa tatu 170, wa tano 190, wa saba 170, wa tisa 135, wa kumi na moja 110. Hesabu hizi ni za mfano tu, lakini mwendo wake ni wa kweli. Maji hupanda wakati wa mvua, hufika juu kabisa mwezi wa nne au wa tano, halafu hushuka kiangazi chote. Tofauti ya juu na chini katika mwaka mmoja ni karibu sentimita 80.

Sasa tazameni daftari vizuri. Kila siku ina kimo kimoja, si viwili. Wavuvi wawili wakisoma ubao ule ule saa ile ile, mmoja akasema 140 na mwenzake 155, mmoja wao amekosea, au amesoma wimbi. Mambo mawili yakifungamana namna hii, hata ukitaja la kwanza ukapata jibu moja tu la pili, wenye hesabu huita fungamano hilo fonksioni. Hapa siku ndiyo inayotajwa, na kimo ndicho jibu.

Lakini kurudi nyuma si sawa na kwenda mbele. Mtu akiambiwa 170 tu, atataja mwezi gani? Labda ni wa tatu, maji yakipanda. Labda ni wa saba, yakishuka. Pasaka nayo ni hivyo. Kila mwaka una tarehe moja ya Pasaka, lakini tarehe 31 Machi ilikuwa Pasaka mwaka 2013, na tena mwaka 2024. Ndagala sokoni ni tofauti. Wakiuzwa kwa bei moja kila kilo, fedha huongezeka daima kadiri kilo zinavyoongezeka, wala hazipungui hata mara moja. Kwa hiyo ukijua fedha, umejua na kilo. Fonksioni inayopanda tu, au inayoshuka tu, hukubali kurudishwa nyuma. Inayopanda na kushuka huenda isikubali.

Tena maji hayaruki. Yakitoka 140 kufika 170, lazima yapite 155, hata kama siku ile hakuna aliyeyaona.

Hatari iko kwa mtu anayetazama kipande kidogo cha daftari. Ameona miaka 10, maji hayakuvuka mwembe fulani, naye asema hayavuki kamwe, kisha ajenga. Daftari la miaka mingi lasema mengine. Mwaka 1876 Stanley alipolizunguka ziwa, mlango wa mto Lukuga, ulio mto pekee utoao maji ziwani, ulikuwa umezibwa kwa matope na majani, na ziwa lilikuwa likijaa. Mwaka 1878 hivi maji yakabomoa kizuizi, na kabla ya mwaka 1900 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 lilipanda tena, likafika juu sana mwaka 1964. Halafu likashuka. Ufuko ukakauka, watu wakalima na kujenga juu yake. Mwaka 2021 maji yakarudi katika nyumba za ufukoni, na mwaka 2024 yakakaribia kimo cha 1964.

Maji mengi ya ziwa hili hukaushwa na jua, na Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Hivyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa hupanda upesi kuliko linavyoshuka. Maji yaliyopanda mwaka 1964 yalikawia miaka mingi kurudi chini.