Je, Wajua? Oili ya Msumeno wa Mnyororo

Je, wajua kwamba msumeno wa mnyororo hauna mahali pa kumwagia oili ya injini? Injini yake ni ya mipigo miwili. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha krenki, beringi, pistoni na silinda, kisha huungua na kutokea kwenye ekzosi. Ukiujaza petroli tupu, injini inaweza kunoki kabla tangi halijaisha.

Je, wajua kwamba uwiano wa 1:50 ni mililita 20 tu za oili kwa lita moja ya petroli? Dumu la lita 5 linataka mililita 100. Mashine ya 1:25 inataka mara mbili ya hapo. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho.

Je, wajua kwamba kipimo kizuri kinapatikana duka la dawa? Bomba la sindano la mililita 20, likijazwa mara moja, linatosha lita nzima ya 1:50. Tia nusu ya petroli kwenye dumu, weka oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena.

Je, wajua kwamba kuzidisha oili si kuihurumia injini? Plagi hushika masizi, ringi hunata na ekzosi huziba. Tena oili huchukua nafasi ya petroli ndani ya kabureta, injini ikabaki na hewa nyingi kuliko inavyotakiwa.

Je, wajua kwamba oili ya mashine za boti haifai msituni? Chupa iliyoandikwa TC-W3 ni ya injini inayopozwa kwa maji. Msumeno hupozwa kwa hewa na huchemka zaidi. Tafuta oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, yenye alama ya JASO FC au FD.

Je, wajua kwamba oili ya gari, hata ya bei mbaya, haikuundwa iungue na petroli? Huacha utando mgumu juu ya pistoni.

Je, wajua kwamba rangi nyekundu, buluu au kijani ya oili haionyeshi ubora? Huwekwa ili ujue petroli imeshachanganywa.

Je, wajua kwamba Trabant, gari dogo la Ujerumani Mashariki, nalo lilitumia petroli iliyochanganywa na oili?

Je, wajua kwamba Husqvarna, kampuni ya misumeno ya Sweden, ilianza mwaka 1689 ikiwa kiwanda cha silaha? Msumeno wake wa kwanza wa mnyororo ulitoka mwaka 1959.

Je, wajua kwamba tangi la pili la msumeno ni la oili ya mnyororo, na oili hiyo haichanganywi na petroli? Usitie humo oili chafu ya gari: ina chembe za chuma, huharibu pampu, na yote huishia ardhini na kwenye nguo zako.

Je, wajua kwamba petroli iliyochanganywa huchacha? Changanya ya kutosha mwezi mmoja, basi.

Kabla ya kujaza, zima mashine na uiache ipoe. Kabla ya kuiwasha, sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia. Na kila dumu liandike uwiano na tarehe; lisilo na maandishi, usilimimine kwenye msumeno wako.