Lubumbashi: Je, mtu anasoma chuo kikuu kwa ajili ya kazi tu?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, ulizo moja linarudi katika nyumba nyingi za kartie Hewa Bora, mjini Lubumbashi: mtoto aandikishwe fakulte gani? Wazazi wengi wanajibu kwa ulizo lingine: hiyo itampa kazi gani? Anayetaka polyteknike, udaktari ao sheria anapata baraka haraka. Anayetaka historia, filozofia ao Kilatini anapaswa kujieleza.

Wazazi hawana kosa. Feza za masomo zinatoka kwa jamaa nzima: mshahara wa baba, biashara ya mama sokoni, msaada wa mjomba. Vijana wenye diploma wanaonekana mitaani wakitafuta kazi, wakati shaba na kobalti zinapita barabarani kila siku katika malori. Ni kawaida mzazi kutaka mtoto asome kitu kitakachomlisha.

Lakini Katanga yenyewe ina somo juu ya kazi ya uhakika. Kwa miaka mingi, kazi hiyo ilikuwa na jina moja: Gécamines. Mwaka 1986, kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470 000 za shaba. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, ambao Benki ya Dunia ilisaidia kulipia. Wengi wao walijua kazi moja, ya kampuni moja. Kampuni ilipoyumba, ujuzi wao ukakosa mnunuzi.

Nani aliandika yale yaliyopata jamaa za wachimbaji? Ni watu wa historia, fakulte ile ambayo wazazi wanaiogopa. Mwaka 2001, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) alitoa kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997. Jina lake kwa Kifaransa linasema kwamba Bana Shaba waliachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni, iliyowapa nyumba, chakula, masomo na hospitali, kisha ikashindwa.

Walioandika bila kungoja mshahara

Hamu ya kujua haikuanzia chuoni. UNILU ilifunguliwa mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, na kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa mwembamba kwa Wakongomani. Hata hivyo, mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa hapa. Hakuna aliyemwahidi cheo. Mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alichapisha andiko hilo pamoja na maelezo yake. Leo watafiti wa inchi nyingi wanalisoma ili kuelewa mji huu.

Mfano mwingine ni V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941. Alisoma lugha na vitabu vya zamani vya Ulaya, akafundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, kisha akahamia Marekani. Kitabu chake cha 1988 kilionyesha namna Wazungu walivyojitungia picha yao ya Afrika. Kabla ya kufariki mwaka 2025, aliipa UNILU maktaba yake.

Watu hao hawathibitishi kwamba filozofia inalipa kodi ya nyumba. Wanaonyesha kitu kingine: mji unaofundisha wahandisi peke yao utajua kuchimba shaba, lakini hautajua kujiuliza shaba hiyo inamfaidi nani, wala kukumbuka kilichotokea mara ya mwisho bei ilipoanguka.

Kwa mzazi wa Hewa Bora, ulizo la kazi litabaki, na ni halali. Linaweza kufuatwa na la pili: kama kazi hiyo ikiisha kesho, mtoto atakuwa amejifunza nini ambacho hakuna kampuni inayoweza kumnyang'anya?