Mwaka wa Mbio: Hesabu na Nia Mpya

Mwaka wa Hijria ugeukapo, muumini hukaa na nafsi yake akaihesabu: sala, sadaka, madeni. Mwili nao ni amana, haufai kuachwa nje ya hesabu hiyo. Basi dada wa Pwani aliyepelekwa Meru au Embu na kazi au ndoa, akashika mchakamchaka mwaka mzima, ahesabu nini mwaka huu wa 1448 unapoingia?

Kwanza, asijipime kwa kasi ya Mombasa. Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi na njia ni za kupanda na kushuka miteremko ya Mlima Kenya. Kukimbia polepole huko si udhaifu.

Wala asijipime na mwili wake wa zamani. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kuwa Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini akamshinda, baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume akamshinda yeye. Bibi Aisha mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo, bila kuona haya. Mama aliyejifungua mwaka huu na apate faraja hapo.

Kinachostahili kuhesabiwa ni majuma aliyodumu. Mtume ametufundisha kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, japo ni ndogo. Aulize basi: nilikatika lini, na kwa nini? Kwa wengi jawabu ni Ramadhani. Mwaka wa 1447 mwezi huo uliangukia Februari na Machi 2026, na Idi ikafuatwa na msimu wa masika, ambao katika nyanda za Mlima Kenya huanza Machi hadi Mei. Pumziko la mwezi mmoja likikutana na matope huwa la miezi mitatu, na anayekaa miezi mitatu aghalabu harudi.

Nia mpya izibe ufa huo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani ijayo yatarajiwa mapema Februari 2027, kwa mwandamo. Ndani ya mwezi, atembee nusu saa kabla ya kufuturu. Baada ya Idi, aanze juma lilelile, kabla mvua haijashika.

Saa nayo ipo. Ikweta yapita karibu na mji wa Meru, hivyo alfajiri haisogei sana mwaka mzima. Baada ya sala, mwanga ukitanda, akimbie na mwenziwe au mahramu wake, kwa mavazi mapana ya stara.

Mwenye hamu ya lengo kubwa, Lewa, kaskazini mwa Kaunti ya Meru, huwa na mbio za kilomita 21 na 42 kila Juni tangu 2000, ndani ya hifadhi ya vifaru na ndovu. Lakini lengo la dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, latosha kabisa. Mwenye mimba, presha au sukari amwone daktari kwanza.

Aandike mambo matatu tu: siku zake, saa yake, na tarehe ya kurejea baada ya Idi. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoulinda mwaka wake.