Vifuniko vya meno: wiki nne za kithembe, kutoka Dar mpaka Kinjumbi

Nilipotea kidogo, mtanisamehe. Nilikuwa najifunza kuongea upya, na sitanii.

Kisa chenyewe ni hiki. Chonge langu la juu limeota juu ya jirani yake, na meno ya chini yamepandana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Tangu shule ya msingi nacheka nimeziba mdomo. Mwaka jana nikaanza kudunduliza, braza aliyeko Muscat akaongezea, maana mambo haya ni mamilioni, nikaenda kwa daktari wa kupanga meno pale Dar. Nyaya sikuzitaka. Nikachagua vile vifuniko vya plastiki inayoonyesha, vya kuvaa na kuvua. Wenyewe wanaviita alaina. Si kitu cha jana: kampuni ya Align Technology ya Marekani, wenye Invisalign, ilianzishwa mwaka 1997, na siku hizi watengenezaji wako wengi.

Watu wananiuliza, plastiki laini namna ile inasogezaje jino? Sikilizeni. Daktari anachukua umbo la meno yako, halafu kwenye kompyuta inapangwa safari nzima, kutoka meno yalipo mpaka yanapotakiwa. Safari inakatwa vipande. Kila kifuniko ni hatua moja, kama robo milimita tu. Unakivaa wiki moja au mbili, unahamia kinachofuata.

Jino nalo halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini zinazolishika. Ukilisukuma taratibu, mfupa wa upande linakoelekea unaliwa kidogo kidogo na seli za mwili, na upande linakotoka unajengwa mpya. Ndiyo maana jino linacheza kidogo, usipate presha. Lakini kazi hiyo inataka msukumo usiokatika. Hapo ndipo linapotoka sharti la saa 20 mpaka 22 kwa siku. Saa mbili mpaka nne zinazobaki ndizo za kula, kunywa chai na kupiga mswaki. Basi.

Wiki ya kwanza ni mateso madogo madogo. Siku mbili za mwanzo nilihisi kama nimeng'ata jiwe nikasahau kuachia. Hata wali ulikuwa mgumu. Daktari alishaniambia nitumie panadol na vyakula laini, na kweli siku ya nne maumivu yalikata. Kila kifuniko kipya yanarudi, ila safari hii madogo. Ukingo wa plastiki ulinichubua ulimi, nikaulainisha kwa tupa ya kucha. Juu ya baadhi ya meno wanabandika vijibonge vya rangi ya jino ili kifuniko kipate pa kushika, navyo vinakwaruza shavu mpaka lizoee.

Halafu kithembe. Nilipanda basi Rangi Tatu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, tukavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, na njia nzima nafanya mazoezi kimoyomoyo: sisi, sasa, samaki, Somanga. Nafika nyumbani Kinjumbi, naenda kwa bibi: "Thikamoo bibi." Bibi akanitazama. "Marahaba mume wangu. Huko Dar wamekukata ulimi?" Nyumba nzima hoi. Dawa yake ni kuongea tu. Nilisoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, na ndani ya wiki mbili ulimi ukapata njia yake.

Lakini mtihani wenyewe haukuwa ulimi. Ulikuwa ukarimu. Mnajua kwetu, hupiti mlangoni kwa mtu ukaondoka mdomo mtupu. Asubuhi chai na mihogo, kidogo dafu, kwa shangazi korosho za kukaanga, mchana ugali, jioni tena chai. Na kifuniko unakivua kwa kila kitu isipokuwa maji. Chai ya moto inakipinda na kukibadilisha rangi. Soda ndiyo mbaya zaidi: sukari inanaswa kati ya plastiki na jino, mate hayafiki kuisafisha, meno yanaoza ukiwa unayanyoosha. Siku moja nikapiga hesabu ya muda niliokaa bila vifuniko: saa tano! Ndo nikaelewa kwa nini kifuniko namba tatu kilikuwa kinabana kila nikikirudisha. Meno yalikuwa yanarudi kwao.

Likatokea na kubwa. Kwenye harusi, pilau limefika, nikavivua vyote viwili nikavifunga kwenye tishu, nikaweka pembeni ya sinia. Mmeshajua. Dada mmoja akapita anakusanya takataka, na takataka zote zilikwenda motoni. Nilisimama pale kwenye majivu nikiona pesa za braza zinanuka plastiki. Nilipokuwa nawaza zaidi, siyo pesa. Ni lile chonge. Nilikuwa nimeshaanza kucheka bila mkono mdomoni.

Nikampigia daktari. Akaniuliza swali moja: umekivaa siku ngapi? Nikasema siku 11 kati ya 14. Akasema hamia namba nne leo leo, usisubiri. Ingekuwa siku ya tatu angenirudisha namba mbili, na bahati nzuri hivyo vya zamani ninavyo. Kwa hiyo usijiamulie, piga simu, na usitupe kifuniko kilichopita.

Niliyojifunza, kwa ufupi:

1. Kasha au mdomoni. Tishu na mfuko wa shati ni kaburi.
2. Kula kwa saa zake. Sasa nikipita kwa shangazi namwambia nifungie, nitakula jioni. Hajanuna.
3. Safisha kwa mswaki na maji ya baridi. Maji ya moto yanakipinda.
4. Usiagize mtandaoni bila daktari kukuona. SmileDirectClub ya Marekani, waliokuwa wakiwatumia watu vifuniko nyumbani, walifunga Desemba 2023, wateja wakaachwa katikati ya safari. Jino bovu na fizi mbovu zinatibiwa kwanza.
5. Ukimaliza, kuna kifuniko cha kuvaa usiku ili meno yasirudi. Hicho hakina haraka ya kuisha.

La mwisho. Bibi aliuliza kama nitaziba mwanya wangu wa mbele, wa babu huo. Nikamwambia haung'olewi hapo. Kompyuta ingeuziba kama meno mengine, lakini nilimwambia daktari mapema, kabla mpango haujakamilika, na ameuacha. Kwa hiyo sema unachotaka kabla ya kifuniko cha kwanza. Kunyooka siyo lazima ufanane na watu wa kwenye matangazo.

Haya, nimemaliza. Waliovaa hivi au nyaya wamwage uzoefu hapo chini. Na wenye utani wa "thikamoo", nimeshausikia wote.