Govi la Mtu Mzima: Tohara Huwa Dawa Wakati Gani?

 

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulipigiwa simu na binti yetu mmoja, mzawa wa Malindi, aliyeolewa bara katika wadi ya Theta, kule baina ya Ruiru na Thika. Mumewe ni mchonga mawe katika machimbo ya Juja, mzaliwa wa Nyanza, aliyesilimu ukubwani. Baada ya salamu alinyamaza kitambo.

"Shekhe, nina neno, lakini naona haya."

"Sema, mwanangu," tulimjibu. "Wanawake wa Kiansari hawakuzuiliwa na haya kuijua dini yao."

Ndipo akaeleza. Kwa miezi kadhaa mumewe alikuwa akiwashwa na kuumwa sehemu za siri. Ngozi ya mbele, yaani govi, ilikuwa imepasukapasuka na haivutiki nyuma. Msikitini alikuwa haendi tena, kwani baadhi ya wenzake walimwambia ibada yake si kitu mpaka atahiriwe. Sasa aliitwa ngariba aje nyumbani siku ya Ijumaa. Je, akubali?

Ndugu wasomaji, hapa pana maswali mawili yaliyochanganywa: la tiba na la sheria. Yakichanganywa, mgonjwa hukosa yote mawili.

Tuanze na tiba. Govi lenye afya si ugonjwa. Mtu mzima ambaye hajatahiriwa hulivuta nyuma taratibu kila aogapo, akaosha kwa maji ya uvuguvugu, akakausha, kisha akalirudisha mahali pake. Asiposafisha, hujikusanya utando mweupe wenye harufu, na hapo hupatikana mwasho na uvimbe. Wala asizidishe: sabuni kali na dawa za kuulia viini huichubua ngozi laini na kuuongeza ugonjwa. Binti yetu alikiri kuwa mumewe alikuwa akijiosha kwa dawa ya kufulia nguo, akidhani ndiyo twahara.

Kuna wakati hashafa, yaani kichwa cha dhakari, huvimba na kuwa chekundu, na chini ya govi kukatoka majimaji. Aghalabu sababu ni fangasi au bakteria, na dawa ya kupaka hutosha. Lakini maradhi hayo yakirudi mara kwa mara kwa mtu mzima, daktari hupima sukari, kwa kuwa huenda hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari. Govi likibana bila ya kuwa na kovu, mara nyingi hujaribiwa kwanza krimu ya steroidi kwa wiki kadhaa, nalo hulegea. Si kila govi linalobana hukatwa.

Tohara huwa dawa pale govi linapobana kwa kovu, au krimu isipofaa na mkojo au tendo la ndoa likawa taabu. Pale maradhi yanaporudi baada ya kutibiwa vyema. Na pale ngozi inapogeuka nyeupe na ngumu kwa ugonjwa unaoizidisha kubana. Kidonda kisichopona au uvimbe mgumu uonyeshwe daktari upesi, kwani saratani ya dhakari, ijapokuwa ni nadra, ipo.

Dharura nayo ni hii: govi lililovutwa nyuma likakataa kurudi, na hashafa ikaanza kuvimba. Mtu huyo asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ileile, kwani damu yaweza kuzuilika na kiungo kikafa.

Wako wanaume wengine wanaotahiriwa hali ya kuwa hawana ugonjwa wowote, kwa ajili ya kinga. Utafiti uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784, pamoja na ule wa Rakai, Uganda, na wa Orange Farm, Afrika Kusini, ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2007, na Kenya ikaanza mpango wake mwaka 2008, hasa Nyanza. Lakini kupunguza si kuondoa. Aliyetahiriwa hakupewa ruhusa ya zinaa, wala mkewe hakupata ngao kamili.

Ama sheria, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema tohara ni wajibu kwa mwanamume. Hanafi na Maliki wanaihesabu kuwa ni sunna iliyotiliwa mkazo. Nabii Ibrahim (a.s.) alijitahiri akiwa na umri wa miaka themanini, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari, kwa hiyo ukubwa si aibu. Lakini wanavyuoni haohao wamesema kuwa anayehofiwa madhara hucheleweshwa mpaka hofu iondoke. Uislamu wa mtu huthibiti kwa shahada, si kwa kisu. Sala haimwondokei kwa ugonjwa. Ajisafishe kadiri awezavyo, na Allah haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake.

Basi tukamwambia binti yetu: ngariba asiguse, na mumeo aende hospitali. Tulizungumza na mumewe pia, tukamwomba radhi kwa maneno aliyoambiwa na ndugu zake katika imani.

Daktari alipima sukari, akaikuta iko juu mno. Kukatwa Ijumaa ile, mbali na vifaa safi na sukari ikiwa katika hali hiyo, kungeweza kumletea kidonda kisichopona. Alitibiwa fangasi, akaanzishiwa dawa za kisukari, na mkewe akapunguza sukari na wanga jikoni. Sukari ilipotulia, govi lilibaki na kovu na kubana vilevile. Hapo ndipo daktari mwenyewe alipoagiza tohara. Alichomwa sindano ya ganzi, akashonwa, akarudi nyumbani siku hiyohiyo, na akaagizwa kujiepusha na tendo la ndoa kwa wiki sita.

Kina mama, ninyi mara nyingi ndio wa kwanza kujua. Mume akianza kukukimbia chumbani, au maradhi ya fangasi yakikurudia wewe baada ya kutibiwa, msilaumiane. Nendeni kliniki pamoja. Nasi wanaume tukimwona ndugu aliyesilimu ukubwani, tumuulize hali yake kabla ya kumuuliza tohara yake.

Wiki chache baada ya hapo binti yetu alipiga tena. "Shekhe," alisema, "leo ametoka kwenda Ijumaa."

Twamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azisitiri nyumba zetu. Wallahu aalam.